Coaster ya shule kuwa nyumba ya safari: Mwalimu, anzia chini ya sakafu

"Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam. Shule ninayofundisha inauza Coaster yake ya zamani, ya njano, siti 29, injini ya 1HZ. Imesimama miezi kumi na moja chini ya mwembe, lakini inawaka, na nimepewa nafasi ya kwanza kuinunua. Nina mke na watoto wawili, na kila likizo tunakwenda nyumbani Tukuyu kwa basi la abiria. Ndoto yangu ni kuigeuza iwe na vitanda, jiko, friji na kiyoyozi, tusafiri kwa nafasi na kulala njiani. Fundi wa mtaani kwetu ameshauri tukate paa tulinyanyue sentimita 40, tujaze magodoro kwenye kuta kuzuia joto, tuweke dari la jipsamu, marumaru sakafuni na makabati ya MDF (mbao za unga uliogandamizwa) kutoka Keko. Umeme anasema tutauchukua kwenye betri moja kati ya mbili zilizomo. Nikishainunua nitabakiwa na milioni 14. Zinatosha? Nianzie wapi? Naogopa kutupa akiba ya miaka sita."

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kwa kirefu, maana umenipa karibu kila ninachohitaji. Nianze na hofu yako. Kugeuza Coaster kuwa gari la kulala kunawezekana hapa hapa Dar, kwa mafundi wetu na vifaa vya Kariakoo, na milioni 14 zinaweza kukufikisha pazuri. Lakini mpango uliopewa, kama ulivyo, utakumaliza. Karibu kila kitu kilichomo kinaongeza uzito au kinafungia unyevu, na vingine vinafanya yote mawili. Katika miaka yangu ya kuchomelea bodi na kufunga umeme wa magari, sijaona kinachoua gari la namna hii haraka kuliko hivyo viwili.

Najua pia picha uliyonayo kichwani imetoka wapi, kwa sababu wateja wangu wote hunionyesha video zile zile kwenye simu. Nyingi ni za Wamarekani. Mabasi ya shule ya kule ni makubwa, yamejengwa kwa viwango vilivyoanza kupangwa kwenye mkutano uliofanyika New York mwaka 1939, mkutano huo huo uliowapa ile rangi ya njano, na wanaoyageuza kuwa nyumba wengi wanapambana na theluji. Ndiyo maana unawaona wakijaza kuta vitu vinene. Coaster ni gari la Kijapani lenye upana wa mita mbili na kidogo, na adui zake hapa ni jua, chumvi ya bahari na pumzi za watu waliolala ndani. Ukiiga kinga ya theluji, unajenga sifongo ndani ya bati.

Sasa twende chini ya sakafu. Mwaka juzi niliitwa Tabata kuangalia Coaster iliyokuwa ya shule. Mwenyewe alikuwa ameshafunga vitanda na makabati, analalamika harufu ya uvundo isiyoisha. Nilikunja kona ya lino, lile zulia la plastiki la sakafuni, karibu na ngazi ya mlango, nikashika bisibisi bapa, nikaisukuma kwa kiganja. Iliingia kwenye plaiwudi kama inaingia kwenye muhogo uliochemka, mpaka mpini, na nilipoichomoa ncha ilikuwa na tope jeusi. Tulipofunua zaidi, mbavu ya chuma inayobeba sakafu ilikuwa imebaki magamba. Niliyabandua kwa ukucha. Vitanda vyote vilitolewa, na pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya friji ikaenda kwenye vyuma na kuchomelea.

Mabasi ya shule yana ugonjwa huu kuliko daladala, na sababu ni ya kawaida kabisa. Watoto wanamwaga maji, juisi na uji. Jioni utingo anaingiza mpira wa maji ndani na kusafisha kila kitu. Maji yanapita kwenye viungio vya lino, yanafika kwenye plaiwudi, na hapo hayana pa kwenda. Ongeza hewa yetu yenye chumvi, na kama gari limewahi kulazimishwa kupita Jangwani siku ya mafuriko, ongeza na tope la Msimbazi lililojificha kwenye mikunjo ya chuma. Kwa juu lino linang'aa.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, omba ruhusa ya shule ufanye mambo machache. Kunja lino sehemu nne: kwenye ngazi ya mlango, juu ya matairi ya nyuma pande zote mbili, na mwisho kabisa nyuma. Choma kwa bisibisi. Kisha ingia chini ya gari na tochi ukague chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia. Kutu ya juu juu inayotoka kwa brashi ya waya haina shida. Ukikuta chuma cha chesisi kimevimba tabaka tabaka, au kuna viraka vya kuchomelea jirani na mashikio ya springi, liache gari hilo hata kama wanakupa kwa bei ya urafiki. Chukua pia sumaku ndogo, uizungushie kitambaa, uipitishe chini ya madirisha na kwenye matao ya matairi. Pale isiponasa, hapo pana puti iliyopakwa rangi na bati halipo.

Sakafu iliyooza na bati la pembeni lililoliwa visikukatishe tamaa, vinatengenezeka. Hivyo ni vya kupunguzia bei. Ila fundi akate kutu mpaka afike kwenye chuma kizima, achomelee bati jipya, apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida, na aache wazi yale matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya bodi. Mafundi wengi huyaziba kwa nia njema, wakidhani yanaingiza vumbi. Ukiyaziba umetengeneza ndoo.

Hilo la mwembe nalo liangalie. Kivuli kimelinda rangi na viti, lakini majani huziba mifereji ya paa, na maji yaliyotuama hutafuta njia kupitia mipira ya madirisha. Miezi kumi na moja ya kusimama hukamatisha breki, huweka maji kwenye tangi la dizeli, na huchosha matairi upande ulioelemewa. Kuhusu injini nitasema machache kwa kuwa si fani yangu: 1HZ ni ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta, ni jamaa wa zile za Land Cruiser za mkonga, na spea zake utazipata mpaka Tukuyu. Muulize dereva mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hana jibu, ubadilishe mara moja, kwa sababu kazi yake huhesabiwa kwa kilomita 100,000 hivi, na ukikatika injini inaumia vibaya.

Nirudi kwenye magodoro, maana hili ndilo lililonishtua zaidi kwenye ujumbe wako. Unaijua chupa ya soda ikitoka kwenye friji hapa Dar: dakika mbili tu nje inaloa. Maji yale hayajapenya kutoka ndani ya chupa. Ni mvuke uliokuwa hewani ukagusa kioo baridi na kugeuka maji. Sasa fikiria mko Makambako au Tukuyu mwezi wa sita, nje joto limeshuka chini ya nyuzi 10, bati la basi limekuwa baridi kama chupa ile, na ndani mmelala wanne madirisha yakiwa yamefungwa. Pumzi na jasho la watu wanne kwa usiku mmoja hutoa zaidi ya lita moja ya maji. Mvuke huo unapenya godoro bila kizuizi, unakutana na bati nyuma yake, unageuka maji, na godoro linayanywa. Asubuhi ukuta unaonekana mkavu. Nyuma yake bati linaanza kula kutu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna atakayepaona mpaka rangi ya nje ianze kuvimba.

Dawa yake ni kuzuia hewa ya ndani isilifikie bati. Tafuta povu bapa la shiti ambalo halinywi maji, lile la jamii ya soli ya kandambili, la unene wa sentimita moja na nusu au mbili. Lipime mwenyewe dukani: kata kipande, kizamishe kwenye ndoo ya maji, kikamue baada ya saa moja. Godoro litatoa maji kama nguo, povu zuri litatoka kavu. Lazima ligandishwe kwa gundi moja kwa moja kwenye bati lililosafishwa, bila kuacha nafasi ya hewa nyuma, na viungio vizibwe kwa utepe. Sehemu za chini kabisa za kuta, pale maji yanapotakiwa kushuka na kutoka, usizijaze kitu.

Kwa joto la Dar, kinga yenye faida kuliko zote ni rangi nyeupe juu ya paa. Ni rahisi na inafanya kazi siku hiyo hiyo. Ya pili ni paneli za sola zenyewe: zifungwe juu ya fremu, ziache nafasi ya vidole vinne kati yake na bati ili hewa ipite, ziwe mwavuli. Ya tatu ni madirisha. Kuna mtindo wa kuziba madirisha ya Coaster kwa bati ili lionekane nyumba. Usiyazibe yote. Yale ya kusukuma ndiyo mapafu yako; weka wavu wa mbu kwa ndani, weka feni ya kutoa hewa nyuma juu ya paa, na hewa ya nje itaingia chini upande wa kivuli na ya moto itatoka juu.

Kukata paa sikubaliani nako kabisa, na ningekuomba ulifute leo. Mbavu za Coaster zinapanda kutoka ukuta mmoja, zinapita juu na kushuka upande wa pili, kama mpini wa kikapu. Zimewekwa ili gari likipinduka paa lisiwaangukie waliomo. Ukizikata zote na kuongezea vipande, kila kiungo kinategemea mkono wa mchomeleaji siku ile. Halafu umenyanyua uzito, na gari jembamba lenye uzito juu linayumba kwenye kona na upepo wa malori. Pima kwanza kimo cha ndani, katikati ya njia: Coaster nyingi za paa la juu zinamruhusu mtu wa kimo cha wastani kusimama. Ukiondoa jipsamu na marumaru kwenye mpango, utaokoa sentimita kadhaa za kimo bila kukata chochote.

Uzito wenyewe tuupige hesabu, kwa kuwa mwalimu anaelewa namba. Wajapani huhesabu kilo 55 kwa kila abiria. Siti 29 mara 55 ni kilo 1,595. Chukua hiyo kama bajeti yako yote ya mzigo. Uzito wa siti utakazotoa uache uwe akiba. Karatasi moja ya MDF ya milimita 18 ina karibu kilo 40, na makabati, vitanda na meza vinaweza kula karatasi kumi: kilo 400. Sakafu yako ina kama mita 10 za mraba; marumaru na gundi yake havipungui kilo 200. Jipsamu na fremu zake, weka 100. Familia na mizigo, 350. Kiyoyozi, betri, friji, magodoro ya kulalia na jenereta ambayo utalazimika kuinunua baadaye, 300. Tumefika 1,350, na bado hujajaza tangi la maji la lita 200. Ukirudi kutoka nyumbani na mikungu ya ndizi na gunia la mchele wa Kyela, umepita, na mizani ya Vigwaza itakwambia hivyo kabla hujaiona Kibaha.

Badala yake tumia plaiwudi ya milimita 12, karibu kilo 20 kwa karatasi, kwenye fremu nyepesi za mbao au aluminiamu. Mafundi wa Keko wana mikono mizuri sana, wape kazi, ila wape na plaiwudi. MDF ikipata unyevu inavimba kama mkate kwenye chai na skrubu zinaachia. Jipsamu itapasuka kwa mtikisiko kabla hujafika Chalinze, na marumaru hayapendi sakafu inayonyumbuka. Lino jipya juu ya plaiwudi nzuri linatosha, na linadekika. Kila kabati lifungwe kwa bolti kwenye mbavu za chuma, kamwe lisishikiliwe kwa skrubu za bati. Vitu vizito kama maji na betri vikae chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, na usivirundike upande mmoja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya njia yako ya Tukuyu. Kupanda mlima Kitonga na gari zito ni uvumilivu tu, injini itanguruma na mtafika. Kushuka ndiko kunakoua. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lote linaingia kwenye dramu na pedi. Zikipata moto kupita kiasi zinaanza kuteleza. Zaidi ya hapo, mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yakiwa ya zamani yanachemka mapema, yanatoa mapovu, na pedali inazama bila gari kushika. Gari lililosimama miezi kumi na moja kwenye unyevu wa Dar libadilishwe mafuta yote ya breki, lifunguliwe magurudumu yote, kabla ya kununua hata bawaba moja ya kabati. Na mlimani mshuke kwa gia ndogo tangu juu kabisa, mguu ukigusa breki kwa vipindi.

Umeme. Coaster nyingi za dizeli hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Ukichukua volti 12 kutoka kwenye moja, kila kitu kitawaka siku ya kwanza, ndiyo maana mafundi wengi hufanya hivyo na redio za magari. Lakini altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, haioni betri mbili, inaona jumla tu, tuseme volti 28. Ile unayoinyonya itabaki chini, labda 13, na mwenzake itapokea 15. Moja inakufa kwa njaa, nyingine inachemka na kukauka maji. Baada ya miezi michache unanunua zote mbili, na inaweza kutokea saa nane usiku kwenye hifadhi ya Mikumi ambako hamtaki kusukuma gari.

Mimi ningekufungia mfumo wa umeme wa sehemu ya kulala, uliojitenga, wa volti 24, usiogusana na betri za injini isipokuwa kupitia chaja maalumu inayochaji wakati gari linatembea. Friji ndogo za kompresa nyingi zinakubali volti 12 na 24. Taa na simu zitapata 12 kupitia kipunguza volti. Faida ya 24 ni kwamba mkondo unapungua nusu, waya hazipati moto. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2,000 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampia 170. Waya mwembamba hapo ni moto wa kuunguza gari. Fyuzi kubwa iwe jirani kabisa na betri, si mwisho wa waya.

Mahitaji yenu si makubwa. Friji, feni mbili, taa, simu na redio vinaweza kula karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Paneli za wati 400 kwa jua letu, ukiondoa upotevu, zinaleta kama 1,300 hadi 1,400 siku nzuri. Tukuyu kwenye mawingu zitaleta pungufu sana, ndiyo kazi ya ile chaja ya altaneta. Betri ya lithiamu ya wati-saa 2,500 hivi itawatosha kwa siku mbili. Ukichukua za jeli kwa kuwa ni nafuu, kumbuka unatakiwa kutumia nusu tu ya kilichoandikwa, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili.

Ndiyo maana kuhusu kiyoyozi lazima nikuambie ukweli. Kidogo cha nguvu ya farasi moja huvuta kati ya wati 800 na 1,000, na kwa usiku mzima kitataka wati-saa 4,000 au zaidi. Paneli zako zote za siku tatu, kwa usiku mmoja. Watu huishia na jenereta inayonguruma nje ya dirisha la watoto. Ushauri wangu: weka tundu la kuchomeka umeme wa nyumbani au wa gesti, na kama moyo wako umeng'ang'ania, acha nafasi ya kiyoyozi kitakachotumika mkiwa mmechomeka tu. Kulala ndani ya basi Dar mwezi wa pili kutakuwa na joto hata kwa feni. Lakini ninyi safari yenu inapanda. Mkitoka alfajiri, usiku wa kwanza mnaweza kuwa Iringa, na huko mtatafuta blanketi.

Blanketi, Mwalimu, si jiko. Tafadhali msomee mama watoto sehemu hii. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya basi hilo hata dakika tano, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu hahisi kukosa hewa. Anahisi usingizi. Familia nzima inaweza isiamke.

Gesi ya kupikia ni salama zaidi ikiwekwa sawasawa. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kutuama kama maji, ikisubiri cheche. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kijichumba chake kinachofunguka nje, chenye tundu chini la kutolea hewa, na ufungwe kila gari linapotembea. Mimi napenda zaidi jiko la kuvuta kama droo nyuma ya gari, mnapikia nje chini ya turubai. Linaondoa gesi, mvuke na harufu ya dagaa kwa pamoja. Weka kizima moto cha unga karibu na mlango, na kitanda kisizibe mlango wa nyuma. Lazima kuwe na njia mbili za kutoka.

Siti nne au tano ziache pale pale zilipo, kwenye mashikio yake ya kiwandani, zenye mikanda. Gari likitembea hakuna anayelala kitandani, hata mtoto akilia. Choo cha ndoo chenye mfuniko kinatosha, kimwagwe chooni.

Makaratasi: kadi ya gari inataja rangi, aina ya bodi na idadi ya siti, kwa hiyo nenda mamlaka ya mapato, TRA, si kwa kubadilisha jina la mmiliki tu bali na hizo taarifa, na gari likaguliwe na trafiki kazi ikiisha. Ile njano iondoe. Askari na madereva wengine wataendelea kulichukulia kama gari la wanafunzi. Ieleze kampuni ya bima mabadiliko yote kwa maandishi, la sivyo siku ya ajali watakuambia walikatia bima gari lingine. Na hakikisha daraja la leseni yako linaruhusu gari la uzito huo.

Milioni 14, basi. Milioni tano za kwanza zitenge kwa chuma, breki, matairi na mkanda wa taimingi, hata kama hutaona kitu cha kupiga picha. Nne kwa umeme. Tatu kwa povu, sakafu, vitanda na makabati. Mbili usiziguse mpaka mmekwenda Bagamoyo na kurudi, mmelala usiku mmoja, na mmejua kinachokosekana. Ikibidi kupunguza, punguza makabati. Mabeseni ya plastiki yenye mifuniko yamefungwa kwa kamba yatabeba nguo zenu mwaka mzima.

Kazi tatu usizifanye kwa maelezo ya maandishi kama haya. Chesisi aione mchomeleaji anayefanya mabasi, akiwa chini ya gari. Breki zifunguliwe na fundi mbele yako. Mfumo wa umeme na gesi ukaguliwe na mtu ambaye si yule aliyeufunga.

Jumamosi hii, kabla ya kukubaliana bei, nenda shuleni na mwanao mkubwa. Safisha majani kwenye mifereji, apande ngazi na mpira wa maji, amwage juu ya paa taratibu kwa dakika ishirini, mbele mpaka nyuma, kisha madirisha. Wewe kaa ndani na tochi, milango imefungwa, uguse kwa mkono chini ya kila dirisha na kwenye kila kona ya dari. Weka alama ya chaki kila mahali mkono unapoloa, piga picha, na uniandikie umehesabu alama ngapi na bisibisi iliingia wapi. Nikishajua hayo nitakuambia bei ambayo mimi ningeitoa.